Kisima cha Mwezini ni cha Nani?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 26:12–33, Mwanzo 11:1–9, Zaburi 115:16, Marko 9:33–37, Yakobo 4:1–3.

Wazo kuu: Kufika kwanza ni jambo moja, kumiliki ni jambo jingine. Mwenye nguvu hupimwa kwa namna anavyomfikiria yule ambaye bado hajafika.

Tarehe 19 Agosti 2023 chombo cha Urusi kiitwacho Luna-25 kilianguka juu ya Mwezi na kuvunjika. Siku nne baadaye chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua salama karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, upande ule ule ambao Warusi walikuwa wakiukimbilia. Wahindi walishangilia barabarani, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwanafunzi wa Biblia anaweza kuuliza: kwa nini wote wanaikimbilia ncha ya kusini? Na yeyote atakayeifikia, je, itakuwa yake?

Wanachokitafuta

Jibu la swali la kwanza ni maji. Mwezi umesimama karibu wima. Umeinama kwa nyuzi 1.5 tu. Kwa hiyo kwenye ncha zake jua hupita chini sana, likigusa vilele vya milima na kuacha mashimo makubwa katika giza lisiloisha. Ndani ya mashimo hayo mna barafu ambayo haijapata kuyeyuka. Barafu ni maji ya kunywa. Tena maji yakitenganishwa hutoa oksijeni ya kupumua na haidrojeni, na vyote viwili ni mafuta ya roketi. Vile vilele vinavyopata jua karibu wakati wote vinafaa kwa kuzalisha umeme. Mahali penye vyote viwili, jua juu na barafu chini, ni pachache.

Mbio za kwanza hazikuwa za maji. Zilikuwa za jina. Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na mwaka 1961 ukampeleka Yuri Gagarin kuizunguka dunia. Marekani ikajibu kwa kuahidi kumfikisha mtu Mwezini kabla ya miaka kumi ile kwisha. Julai 1969, Armstrong na Aldrin wakiwa bado juu ya Mwezi, chombo cha Kisovieti Luna 15 kilianguka hukohuko kikijaribu kuchota udongo na kuurudisha nyumbani. Watu 12 walitembea Mwezini, wa mwisho wakiwa wale wa Desemba 1972. Ushindi ulipokwisha kupatikana, safari zikakoma.

*Soma Mwanzo 11:1–9. Wajenzi wa Babeli walitaka nini hasa? Kuna tofauti gani kati ya kujenga kwa ajili ya kujua na kujenga kwa ajili ya jina?*

Tusiwe wepesi kuhukumu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1968, Borman, Lovell na Anders, wakiuzunguka Mwezi ndani ya Apollo 8, walisoma mistari ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, na dunia nzima ikasikiliza. Watu hao hao walikuwa wametumwa kumshinda adui. Moyo mmoja unaweza kubeba ibada na ushindani ndani ya safari moja. Sisi tunaokuja kanisani tunalijua hilo.

Hoja ya aliyetangulia

Mwaka 1967 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti, mahasimu wa wakati ule, walitia sahihi mkataba unaosema kwamba hakuna taifa linaloweza kuumiliki Mwezi, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuutumia au kwa kuukalia. Nchi nyingine nyingi zikafuata. Lakini mkataba huo hausemi wazi barafu itakuwa ya nani ikishachimbwa. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki watakachokichimba. Mwaka 2020 ikaanzisha Makubaliano ya Artemis, yanayotaja maeneo ya usalama kuzunguka kazi za kila mmoja; Rwanda na Nigeria zilikuwa za kwanza Afrika kujiunga nayo, mwaka 2022. China na Urusi zilikubaliana mwaka 2021 kujenga kituo chao cha utafiti Mwezini, na Afrika Kusini na Misri zimejiunga upande huo. Wanaoyatetea maeneo ya usalama husema ni ya kuzuia ajali. Wanaoyatilia shaka husema ni ua uliopewa jina la upole.

Hoja ya aliyetangulia si ya kipuuzi. Yeye ndiye aliyetumia mali na kuhatarisha maisha. Tena Mwezini hakuna mwenyeji wa kunyang'anywa. Sisi Waafrika tunaukumbuka mkutano wa Berlin wa 1884–85, ambako wakubwa walijiwekea taratibu za kulikalia bara letu bila Mwafrika hata mmoja kuketi mezani. Lakini hapa kulikuwa na watu, na kule kuna mawe na vumbi. Basi anayedhulumiwa ni nani?

Niruhusu nijibu kwa kisa changu mwenyewe. Nilikulia katika milima ya Upare. Kwetu maji ya mashamba hukusanywa katika bwawa liitwalo ndiva. Hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila shamba hupata kwa zamu. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochimba mfereji wa upande wetu. Mwaka mmoja wa ukame, nikiwa kijana, niliamka usiku nikafungulia maji yaende shambani kwetu, ingawa zamu haikuwa yetu. Nilijiambia kwamba sisi ndio tuliochimba. Sikumwona mtu yeyote ninayemwibia. Usiku kule bondeni hapakuwa na mtu. Asubuhi jirani yetu, mama mjane, alifika na jembe lake akakuta ndiva tupu.

Baba hakunipiga. Alinipeleka kwa yule mama, nikaungama, nikamlimia siku tatu. Njiani kurudi aliniambia neno moja tu: mfereji tuliuchimba sisi, lakini mvua hatukuinyesha sisi.

Hilo ndilo jibu langu. Niliyemdhulumu hakuwapo nilipomdhulumu. Alikuwa bado hajafika. Vivyo hivyo Mwezini: wanaoweza kudhulumiwa ni mataifa ambayo hayajawa na roketi, na watoto ambao hawajazaliwa. Kazi ya aliyetangulia inastahili ujira. Lakini kazi yake ni mfereji, barafu aliikuta.

Isaka bondeni

*Soma Mwanzo 26:12–22. Isaka alikuwa na haki gani juu ya visima vile? Alifanya nini wachungaji wa Gerari walipoyadai maji?*

Mara nyingi tunamhesabu Isaka kuwa mnyonge aliyekimbia. Lakini angalia mstari wa 16: Abimeleki mwenyewe alikiri kwamba Isaka alikuwa amewazidi nguvu. Watumishi wake walichimba, wakayapata maji, kisha wakadaiwa. Angeweza kupigana. Badala yake aliacha kisima cha Eseki, akaacha cha Sitna, hata akachimba kile ambacho hakikugombewa, akakiita Rehobothi kwa sababu Bwana alikuwa amewafanyia nafasi. Hapa aliyeachilia ndiye mwenye nguvu, na kuachilia kwake kulitoka katika imani kwamba Mpaji wa maji hajaishiwa.

Hata hivyo tusiukatishe mfano mapema. Isaka alikuwa na bonde pana la kuhamia. Kwenye ncha ya kusini ya Mwezi mahali panapofaa ni pachache, na kuhama hakutoshi. Kwa hiyo tunahitaji nusu ya pili ya sura.

*Soma Mwanzo 26:26–33. Nani alimwendea nani? Walifanya nini kabla ya kuapa, na habari gani ilifika siku ile ile?*

Abimeleki na Isaka hawakuwa marafiki. Isaka aliuliza waziwazi kwa nini wamemjia watu waliomchukia. Lakini waliketi, wakala, wakaapiana, wakaachana kwa amani. Na siku ile ile watumishi wakaleta habari kwamba wamepata maji. Agano halingojei watu wapendane kwanza. Ule mkataba wa 1967 ulitiwa sahihi na watu walioelekezeana makombora. Septemba 1963, mbele ya Umoja wa Mataifa, Rais Kennedy alipendekeza Wamarekani na Wasovieti waende Mwezini pamoja. Halikutimia, lakini mwaka 1975 vyombo vyao viliungana angani, na makamanda Stafford na Leonov wakapeana mikono mlangoni. Leo sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inalizuia shirika lake la anga kushirikiana moja kwa moja na China bila kibali maalumu. Kila upande una sababu zake za kuogopa. Abimeleki naye alikuwa nazo.

Zaburi 115:16 husema mbingu ni za nani na nchi wamepewa nani. Sidhani kwamba fungu hilo linamkataza mtu kusafiri. Linamkumbusha kwamba aendako yeye ni mgeni. Na mgeni mwema hauanzi ugeni wake kwa kuweka ua kuzunguka kisima.

Maswali ya kujadili

1. Aliyetumia gharama na kuhatarisha maisha anastahili nini, na mpaka wa haki yake uko wapi? Jibuni kwa mfano kutoka kijijini au mtaani kwenu.

2. Katika Marko 9:33–37 wanafunzi walinyamaza Yesu alipowauliza walichobishania njiani. Je, makanisa yetu hushindana kwa idadi, majengo au kwaya? Tungenyamaza juu ya nini?

3. Soma Yakobo 4:1–3. Je, kuna ndiva uliyoifungulia usiku: ardhi ya ndugu, zamu ya mwenzako, nafasi ya mtu asiyekuwapo kujitetea? Juma hili utamwendea nani?