Diski Ikishafungwa

Mteja akirudi dukani kulalamika kwamba diski yake "haina kitu", mimi huigeuza kwanza upande wa chini na kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu iliyochomwa hupishana rangi kidogo na ile isiyochomwa, nayo huanza katikati kuelekea ukingoni, kwa hiyo jicho lililozoea litaiona pete: harusi imeishia hapa, kutoka hapa ni patupu. Karibu kila mara pete ipo. Kitu kipo. Kinachokosekana ni njia ya kukifikia.

Sababu zenyewe si nyingi. Kuna kijana aliyerekodi kwa simu, akaburuta faili la MP4 na kulichoma vilevile lilivyo. Kompyuta yake inalifungua bila shida, lakini mashine ya DVD ya nyanyake kule Kianjokoma inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB zilizobeba picha na sauti, na faili za IFO zinazoiambia ianze wapi na iende wapi. Isipozikuta inaandika kwamba diski haisomeki, hata kama nyanya mwenyewe yumo mle ndani akicheza ngoma. Kuna diski ambayo haikufungwa: picha zote zimeandikwa, ila ule mzingo wa mwanzo ambao mashine huusoma kabla ya kitu kingine haukuandikwa, basi mashine inazunguka, inakohoa, inakata tamaa. Kuna binti aliyeolewa Texas. Sisi tumemtengenezea PAL, mistari 576 na picha 25 kwa sekunde kama televisheni za kwetu, na mashine ya huko inataka NTSC yenye mistari 480.

Kosa moja tu katika hayo yote huacha utupu wa kweli. Kabla ya kuchoma, kompyuta huijaribu leza yake kwenye ukingo wa ndani kabisa wa diski ili ijue itumie nguvu kiasi gani. Diski ikiwa hafifu, au lenzi ikiwa imejaa vumbi, jaribio hushindwa na kazi hukoma kabla haijaanza. Hapo ninasafisha lenzi, ninatafuta diski bora, ninapunguza kasi kutoka 16 hadi 4, ninafunga programu nyingine zote, na kama mawingu yametanda upande wa mlima nasubiri mvua ipite, kwa sababu stima ikikatika katikati ya uchomaji diski hiyo ni ya kufukuzia ndege shambani.

Ufundi huu umenizoeza kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, wahubiri wakiwamo: kutokuwepo na kutofikika.

Nililelewa Chogoria, kwenye kanisa lililoanzishwa na misheni ya Waskoti waliofika na daktari Archibald Irvine mwaka 1922, na utotoni tulihubiriwa kwamba mtu akitubu, Mungu huifuta dhambi yake ikawa kana kwamba hakuitenda kamwe. Niliikubali bila kuichunguza. Sikuwa na sababu ya kuichunguza mpaka wateja walipoanza kuniomba mimi nifanye jambo hilohilo.

Walikuja mabinti watatu wa familia moja ya wakulima wa majani chai. Nilikuwa nimewarekodia wazazi wao sherehe ya miaka 50 ya ndoa, kwa kamera ya kanda ndogo, na kanda bado ninazo. Baada ya sherehe ile mzee alifariki, na kifungua mimba wao, kaka mtu, akauza kipande cha shamba kwa siri. Mama yao alijua siku wanunuzi walipokuja na vigingi. Sasa mabinti walitaka nakala mpya ya kumbukumbu ya baba: jubilei, ibada ya mazishi, picha za zamani.

"Mama Kendi, huyo umtoe," akasema mkubwa wao.

"Nimtoe kwenye hotuba yake?"

"Kila mahali. Iwe kama hakuwepo."

Hotuba ni rahisi. Unakata mwanzo, unakata mwisho, unaziba pengo kwa picha ya keki. Shida ni kwamba mtu aliyekuwa mahali hakai kwenye hotuba yake peke yake. Ndiye aliyeshika maikrofoni baba alipokuwa akijibu, na mkono wake umo kwenye fremu. Ndiye aliyeanzisha wimbo ambao wengine wanaitikia. Nilijaribu kuikuza picha ili mkono utoke, lakini picha ya upana wa vitone 720 haina akiba ya kukuzwa. Nyuso zinakuwa uji. Nilifunika kwa picha za maua ya meza kuu. Matokeo yake mzee anageuka kushoto, uso wote umechangamka, na kuyachekea maua.

Nilikuwa na rafiki padri, niliyemrekodia jubilei yake ya upadri, ambaye hupenda mabishano kuliko chai. Nilipomweleza alicheka, akaniambia swali langu ni la zamani sana. Aristotle alikwisha kuona kwamba hakuna mtu anayekaa kujishauri kuhusu jambo lililopita, kwa sababu lililopita haliwezi kuwa halikuwa. Halafu akanipa kisa cha Peter Damian, mtawa wa Italia aliyekuwa pia kardinali. Karibu mwaka 1065 Damian alimwandikia Desiderius, abate wa Monte Cassino, barua ndefu kuhusu mjadala uliozuka walipokuwa mezani. Mtakatifu Yeronimo aliwahi kuandika kwamba Mungu, ingawa anaweza yote, hawezi kumrudishia msichana ubikira wake akishaupoteza. Desiderius alimtetea Yeronimo. Damian hakuvumilia: je, tumwekee Mwenyezi mpaka? Akasonga mbele mpaka kuuliza kama Mungu anaweza kuifanya Roma iwe haikujengwa kamwe, na wasomi hawajapatana hadi leo kuhusu alichomaanisha kwa jibu lake. (Wanaume wawili waseja wanamjadili msichana ambaye hakuna aliyemuuliza chochote. Nilimwambia padri hivyo, akakohoa.)

Aliyenishika mimi ni Thomas Aquinas, aliyelishughulikia swali hilo miaka mia mbili baadaye. Anasema Mungu anaweza kuondoa kila uharibifu wa mwili na wa roho uliompata msichana yule. Lakini kwamba jambo lile liliwahi kutokea, hilo haliondoki, na si kwa sababu Mungu ni dhaifu. Kusema kilichokuwa hakikuwa ni kujipinga, na maneno yanayojipinga hayataji kazi yoyote ambayo mtu, au Mungu, angeshindwa kuifanya.

Wala sikuhitaji kwenda Italia kulipata wazo hilo. Ng'ambo ya mto Tana, Mulango kule Kitui, alizaliwa John Mbiti mwaka 1931, na katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kwamba kwa wazee wetu wakati haukimbilii mbele. Matukio hutoka kwenye sasa na kuzama kwenye zamani, na zamani ndiyo hazina ya yote, kubwa kuliko sasa. Wengi walimpinga pale aliposema kwamba wazee hao karibu hawakuwa na wakati ujao wa mbali, nami niko upande wa wapinzani. Anayepanda mkahawa Runyenjes hapandi kwa ajili ya mwezi ujao. Lakini kuhusu zamani naona alisema kweli. Ina mlango wa kuingilia, na wa kutokea haina.

Najua nitakavyojibiwa: diski si siku ile, ni kumbukumbu yake tu, na kumbukumbu hufutika. Ni kweli. DVD-R huandikwa kwa kuunguza utando wa rangi, na rangi iliyoungua hairudi. Lakini ipo DVD-RW, ambayo ndani yake mna mchanganyiko wa madini, fedha na antimoni na mengineyo, yanayobadilishwa hali kwa joto na kurudishwa tena, mara elfu moja hivi. Basi kwa nini Mungu asitumie hiyo? Jibu langu la kwanza ni la kifundi: karibu kila mtu anayefuta diski ya RW huchagua ufutaji wa haraka, ambao huondoa orodha ya mwanzo na kuyaacha mengine yalipo. La pili lina uzito zaidi. Mungu anayesamehe kwa kutojua tena si mwenye kusamehe. Amepata hitilafu. Isaya na Yeremia wanasema hatazikumbuka dhambi zetu, lakini mimi nasoma hapo ahadi ya mtu anayejua kila kitu na ameamua asiufungue ukurasa ule mbele yako. Na ukitaka kuona Biblia yenyewe inavyofanya, fungua sura ya kwanza ya Mathayo, ile orodha ya vizazi ambayo wasomaji wengi kanisani huisoma mbio. Daudi alikwisha kutubu na kusamehewa karne nyingi kabla. Hata hivyo orodha inapofika kwa Sulemani haimtaji mama yake kwa jina. Inamtaja kuwa mke wa Uria. Mtu aliyeuawa amebaki kwenye ukoo wa Masihi, na hakuna aliyeyaweka maua juu yake.

Kwa hiyo niliwaambia mabinti kwamba sitafanya ionekane kama hakuwepo. Kumwacha nje ni jambo jingine. Kila uhariri huacha nje; saa nyingi za kanda huwa saa mbili, na hakuna anayeniita mwongo kwa kuwa sikuonyesha foleni ya chakula. Uongo huanzia pale mzee anapoyachekea maua.

Siku chache baadaye mama yao akaja mwenyewe, peke yake, kwa matatu, na leso yake ya kanisa kichwani. Nilimpa kiti, nikamuuliza, "Shosho, wewe unatakaje?"

"Wasichana wana haki ya kukasirika," akasema. "Hata mimi nimekasirika. Shamba ni langu lililouzwa. Lakini ile hotuba, babake alicheka mpaka akatoa miwani. Hiyo nataka niwe nayo. Si ya kuona kila siku. Siku nikitaka."

Watu wasiotengeneza DVD hudhani menyu ni orodha ya vilivyomo. Sivyo. Menyu ni picha yenye vitufe, na kila kitufe kina amri ya kwenda mahali. Programu inakuruhusu kuweka video nzima kwenye diski bila kuielekezea kitufe chochote. Imo, imeandikwa, imefungwa pamoja na nyingine, lakini anayefuata menyu hataikuta, na video kuu ikiisha mashine inarudi kwenye menyu badala ya kuendelea huko. Ila ukichukua rimoti, ukaiomba mashine kwa nambari, ikiwa ni mashine inayokubali hivyo, itaileta. Niliijaribu ya shosho kabla ya kumuahidi. Ilikubali.

Hivyo ndivyo ninavyouelewa msamaha siku hizi, na sidai kwamba Aquinas angenipongeza. Jambo lipo. Aliyekosewa ndiye mwenye rimoti, wageni wakija hawaongozwi kulifikia, wala mwenye kosa haonyeshwi kila sherehe. Padri alinipinga. Alisema nimeuacha mlango wa chuki wazi, mtu atabonyeza ile nambari kila usiku. Inawezekana. Lakini nimeona pia familia zilizofuta kila kitu na kubonyeza nambari hiyo kila usiku bila diski.

Sikufanya kwa kificho. Waliokuwa wanalipa ni mabinti, kwa hiyo niliwaita nikawaonyesha: menyu haina kaka yenu, hotuba haipo kwenye video kuu, mkono wake umebaki pale baba anapomtazama, na hotuba nzima ya dakika 14 imewekwa nyuma kwa ajili ya mama. Walitazama wakiwa wamekunja mikono. Walipofika kwenye ngoma, wa katikati akauliza kwa nini picha inakatikakatika vijisanduku.

Nikamweleza. Diski ya kawaida inabeba baiti bilioni 4.7 na si zaidi. Kazi yao ilikuwa ya saa mbili, yaani megabiti 5.2 hivi kwa kila sekunde, kiasi kinachotosha. Nilipoongeza dakika 14 za kaka yao nililazimika kushuka hadi 4.7, na upungufu huo huonekana kwanza pale panapochezwa ngoma, kwa sababu kila kitu kinasogea kwa pamoja. Zipo diski za tabaka mbili zenye nafasi ya bilioni 8.5, lakini ni ghali, na mashine kuukuu kama ya mama huenda ikazikataa.

"Kwa hivyo yeye ndiye anaharibu ngoma ya baba," akasema wa katikati. "Hata akiwa hayupo."

"Yupo," nikasema. "Ndiyo maana anachukua nafasi."

Wakanyamaza. Kisha kitinda mimba akasema, "Basi toa nyimbo za kwaya."

Dada mkubwa, ambaye anaimba soprano kwenye kwaya hiyohiyo, alimtazama kwa muda, halafu akaniuliza ni zipi zilizo ndefu zaidi.