Mshauri wa Ndoa na Kikundi Kipya: Aongoze Hadi Wapi?



Pengine katika parokia yenu limezuka wazo la kuanzisha kikundi cha kushauriana juu ya maisha ya ndoa. Padre amekubali, chumba kimepatikana, na jozi saba au nane za wanandoa zimekwisha kujiandikisha. Sasa mshauri nasaha anaombwa aje kuwaanzisha. Kazi yake itakuwa nini hasa? Wengi watajibu upesi kwamba kazi ya mshauri ni kushauri. Jibu hilo lina hatari ndani yake, na leo tungependa tulitazame pamoja.

Tuanze na mahali tunapoishi. Kitengela ni mji uliokua haraka sana. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 150,000. Wengi wao walitoka kaunti nyingine, wakanunua ploti au wakapanga nyumba, na kila alfajiri hupanda matatu kwenda kazini Nairobi au katika viwanda vya Athi River. Bwana na bibi wakigombana saa nne usiku, hakuna shangazi wala mjomba wa kugongewa mlango. Waliowasimamia arusi wako Kakamega au Nyeri.

Ukifuata barabara hiyo hiyo ya Namanga mpaka Kajiado mjini, utakuta hali nyingine. Huko familia nyingi za Kimaasai bado zina wazee karibu, na zina desturi ya kikao kiitwacho enkiguena, ambapo jambo huzungumzwa mpaka maelewano yapatikane. Hazina hii isidharauliwe. Lakini mke anaweza kuona haya kueleza mambo ya chumbani mbele ya ndugu za mumewe. Na mume aliyepoteza ng'ombe wake katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 anaweza kuficha moyoni uchungu ambao mbele ya rika lake hawezi kuutamka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mshauri ni kusikiliza kabla ya kupanga. Kikundi cha Kitengela kinawapa wanandoa ndugu walio karibu. Kikundi cha Kajiado kinawapa mahali pa faragha, bila kuwavunjia wazee heshima. Mshauri anayefika miji yote miwili na daftari moja la masomo hajafika bado.

Sasa tulikabili swali lenyewe. Mtu wa nje ana mamlaka gani juu ya ndoa ya wengine? Kumbukeni mafundisho mliyopewa kabla ya arusi. Katika Kanisa letu la Kilatini, wahudumu wa Sakramenti ya Ndoa ni bwana na bibi wenyewe. Padre husimama hapo akiipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Ikiwa hata padre mbele ya altare hakuwaoza kwa nguvu zake bali kwa kukubali kwenu, mshauri atapata wapi haki ya kuwaamulia jinsi ya kuishi? Hana haki hiyo. Akiketi kama hakimu, akasikiliza upande huu na ule, kisha akatoa hukumu, atakuwa amewanyang'anya wanandoa kazi ambayo Mungu amewakabidhi wao.

Huenda mtu akauliza, "Basi si afadhali tukutane wenyewe bila mshauri?" Hapana. Kikundi kisicho na mwongozo hutawaliwa na mwenye sauti kubwa. Wanaume husema, wanawake hunyamaza. Aliyeoa miaka thelathini iliyopita humzima aliyeoa mwaka jana. Yako mambo matatu ambayo mshauri hana budi kuyasimamia tangu siku ya kwanza.

Kwanza, siri. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, tumezoea kukutana nyumba kwa nyumba. Lakini jumuiya iko wazi kwa wote, na kikundi cha ushauri kina mlango unaofungwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini nani atajifunua ikiwa Jumapili habari zake zitamtangulia kanisani? Mshauri amwombe kila mmoja aahidi kwa kinywa chake, mbele ya wengine, kwamba yanayosemwa humo yatabaki humo.

Pili, zamu. Mshauri ahakikishe kila mtu anazungumza juu ya nafsi yake, wala si juu ya makosa ya mwenzake. Mume akisema, "Mimi huogopa kurudi nyumbani bila pesa," amefungua mlango. Akisema, "Huyu mama hatosheki," ameufunga.

Tatu, mpaka. Hili ndilo gumu kuliko yote. Tuseme jioni moja mama mmoja anasema, kwa sauti ya chini, kwamba mumewe humpiga. Kikundi kinamgeukia na kumwambia avumilie, kwa kuwa ndoa ni msalaba. Hapa mshauri asinyamaze. Siri ya kikundi haikuwekwa ili kufunika kipigo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba wakati mwingine kutengana huwa ni wajibu wa kimaadili, pale inapobidi kumwokoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo kutoka katika madhara makubwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 pia inamlinda anayedhulumiwa nyumbani, na namba ya simu 1195 hupigwa bila malipo. Basi mshauri azungumze na mama huyo peke yake, wala asimhoji mbele ya mumewe, maana ataporudi nyumbani hatakuwapo mtu wa kumkinga. Amsaidie kupata mahali pa usalama. Atakayesema kuwa mshauri amevunja ndoa, aulizwe kwanza ni nani aliyeinua mkono.

Mpaka huu unahusu pia ujuzi. Wanandoa wazoefu wanaweza kuwa nguzo ya kikundi, lakini penye ugonjwa wa akili au ulevi uliokwisha kumshika mtu, wampeleke kwa aliyesomea kazi hiyo.

Baada ya hayo, mshauri ajifunze kupungua. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa alikuwa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi mpaka jioni. Yethro, mkwewe, alimwonya kwamba atachoka yeye na watu wachoke pia. Achague wengine wa kuuchukua mzigo pamoja naye. Mshauri mwema hufanya hivyo mapema. Mkutano wa kwanza aongoze mwenyewe. Kufikia wa nne au wa tano, awaachie bwana na bibi mmoja waongoze, naye akae pembeni. Mwishoni aje tu akiitwa.

Jambo hili huuma, kwa sababu kuhitajiwa ni kutamu. Mshauri anayepigiwa simu usiku na mchana hujiona wa maana, na bila kujua anaweza kuanza kupenda matatizo ya watu yasiishe. Ajiulize kwa unyofu: je, nikihama mwezi ujao, watu hawa wataendelea kusemezana?

Nanyi wanandoa, msimtwike mshauri mzigo wenu. Kabla ya kwenda kwenye mkutano wa kwanza, ketini wawili, zimeni runinga na simu, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja ambalo angependa kulizungumza huko na jambo moja ambalo angependa libaki baina yenu. Mkiweza kukubaliana juu ya hayo mawili, kazi imekwisha kuanza.

Mungu azibariki familia zenu.