Ridhaa ya Simu

Wanaoidharau shahada ya uandishi wa habari inayosomwa mtandaoni huniuliza kama nimewahi kushika kamera. Nimeshika. Tena Kanuni za Huduma za Habari za 2017 zilitaka mwandishi wa Tanzania awe na angalau stashahada. Mtangazaji wa redio kule Sumbawanga, mwenye watoto na zamu ya alfajiri, asomee wapi kama si kwenye simu?

Linalonisumbua ni jingine: ridhaa. Kwa kazi ya darasani nilimpigia mama mmoja muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam. Akanieleza madeni yake yote, kisha akasema, “Andika tu, mwanangu.” Kwa maadili tunayofundishwa, nimeruhusiwa. Lakini “andika tu” husemwa na anayetaka kusikika, na aliyechoka, na anayeona haya kumkatalia msomi. Ana kwa ana ningemsoma usoni (ingawa ni waandishi wangapi husoma nyuso?). Kwenye simu ninabaki na neno tu, na neno hilo lina maksi kwangu. Kwa hiyo naona anayehoji kwa mbali ana deni la kuuliza tena, siku nyingine, mazungumzo yakishapoa.

Nilipompigia tena alinyamaza kidogo. Akasema nifute jina, lakini kiasi cha deni nisikiguse.