Nyuzi za Dhahabu na Makunyanzi ya Mzee

Sijafika Madrid. Nauli ya daladala yenyewe hunitoa jasho, sembuse ya ndege. Lakini kuna picha moja iliyoko kule, katika makumbusho ya Prado, ambayo nimeitazama kitabuni mpaka ukurasa umelegea. Ni ya mzee wa miaka 80, kakaa, kavaa koti la kijivu, shingoni kitambaa cheupe, mkono mmoja brashi na mwingine kibao cha rangi. Midomo kaibana. Anakutazama kama babu uliyemwamsha usingizini kumwomba hela. Huyo ndiye Francisco de Goya, mwaka 1826. Aliyemchora ni Vicente López, mchoraji mkuu wa Mfalme Fernando wa Saba.

Mikono ya López ilikuwa mali, hilo halina ubishi. Alilelewa katika mtindo wa Uklasiki Mpya: mistari safi, rangi zilizolainishwa mpaka alama ya brashi huioni. Akimchora mfalme, utahesabu nyuzi za dhahabu kifuani moja moja. Nishani inang'aa, hariri inateleza. Na uongo uko wapi hapo? Nyuzi zilikuwepo kweli. Ila mfalme huyo ndiye aliyerudi 1814 akaifuta Katiba ya 1812, akalazimishwa kuiapia 1820, halafu 1823 akasaidiwa na jeshi la Ufaransa, akaifuta tena na kuwaandama walioitetea. Goya mwenyewe aliona heri ajiondokee, 1824 akahamia Bordeaux. Hayo huyaoni kwenye hariri. Kweli ndogo ndogo elfu moja, zikishonwa vizuri, zinaweza kuwa pazia.

Sisi husema, "Nilitumwa tu, bwana. Aliyelipa ndiye mwenye neno." Hapo ndipo picha ya Goya inaponisumbua, kwa sababu nayo ilikuwa agizo la mfalme yule yule! Mzee alirudi Madrid kuomba astaafu, akakubaliwa, na López akaamriwa amchore. Mwajiri mmoja, mkono mmoja, na safari hii makunyanzi yapo, uchovu upo, na ukali wa mtu asiyejali kupendwa. Kumbe mkono uliweza.

Mtaniambia: kumchora mstaafu jinsi alivyo hakugharimu kitu, thubutu na mfalme uone. Sawa, nakubali, nusu. Tena Goya naye si malaika: alistaafu na mshahara wake mzima, reali 50,000 kwa mwaka, kutoka kwa mtawala aliyemkimbia. Na hayo makumbusho ya Prado yalifunguliwa enzi za Fernando huyo huyo, 1819. Ukianza kuzifua fedha za sanaa, maji hayatatosha.

Kwa hiyo simhukumu López kwa kupokea mshahara. Nauliza kitu kidogo tu: alipokuwa anapaka ile dhahabu, alijua anachokiacha? Naamini alijua. Mtu anayeona kila mkunjo wa ngozi ya Goya hawezi ghafla kuwa kipofu mbele ya mtu mwingine. Asiye na ustadi anaweza kusema hakuona. López hawezi.

Nasema haya huku najiuma. Mwaka juzi niliombwa niandike kijitabu cha kumuaga bosi mmoja aliyekuwa anastaafu. Nikawahoji wafanyakazi. Mama mmoja mfagiaji akanieleza jinsi posho yao ilivyoyeyuka miezi minne, akanitajia mpaka tarehe. Basi nikaandika, na niliandika vizuri, jamani. Vitu vidogo vyote vilikuwa vya kweli: saa aliyokuwa anafika kazini, baiskeli aliyoanza nayo, mwembe alioupanda uani. Ile aya ya posho niliifuta mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Siku ya sherehe kikasomwa, watu wakapiga makofi. Yule mama alikuwa anagawa soda. Aliponifikia akanifungulia yangu, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu," akaenda meza nyingine.