Uzazi na Shauri la Mke

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Ndugu zetu Waislamu, tulipokwenda Bungoma kusomesha darasa, bibi mmoja, mama wa watoto saba, alituuliza nyuma ya pazia: "Sheikh, uzazi wa mwisho nusura uniue. Namuomba mume wangu tupumzike miaka miwili, naye hunambia hayo ni maneno ya wanawake wa Kizungu watakao usawa. Je, nimekufuru?" Siku ya pili, kule Kitale, mzee mmoja akatwambia: "Wasichana wamesomeshwa, ndipo hawazai."

Neno la mzee si uwongo mtupu. Mwaka 1978 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane. Mwaka 2022 kadiri hiyo ilikuwa 3.4, na waliosoma huzaa wachache kuliko wasiosoma. Lakini amekosea sababu. Elimu haikumfunza mwanamke kuchukia watoto. Imempa ulimi wa kusema mbele ya mumewe. Na haki ya kusema hakupewa na Ulaya.

Tazameni Sura ya Al-Baqara, Aya ya 233. Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili, muda ule ule alioomba bibi yule. Kisha akaruhusu kumwachisha mtoto ziwa kabla yake, wazazi wawili wakiridhiana na kushauriana. Ikiwa kuachisha ziwa ni jambo la shauri, kubeba mimba kutakuwaje jambo la amri? Masahaba walifanya azli ili mimba isipatikane, zama za Mtume (S.A.W.), wala hawakukatazwa. Imamu Ghazali akaijuzisha katika Ihyaa, na wanazuoni wengi wameshurutisha idhini ya mke.

Mtasema: Mtume ametuhimiza kuoa wanawake wazaao. Ni kweli, lakini umma hauongezeki kwa kuzika mama zao. Wala hatusemi kwamba kila linalonadiwa kwa jina la usawa ni haki. Amwonaye mtoto kuwa ni balaa, awe mume au mke, ameikufuru neema. Lakini amfungaye mkewe kinywa kisha akaiita hiyo dini, naye ameizulia dini lisilokuwamo.

Bibi yule tulimjibu: Hukukufuru. Umetaka shauri, na shauri ni haki yako. Twamuomba Mola karatasi hii imfikie mumewe, naye akae na mkewe amsikilize.

Wallahu aalam.