Kivuli Kilichomo Ndani ya Ngozi

Mtoto mweupe azaliwapo katika nyumba ya wazazi weusi, ni nani aliyekosa? Swali hili tumelisikia katika vilima vya Mbinga na katika vijiji vya ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mara nyingi huulizwa kwa hasira, na mama hutiwa hatiani kabla hajajibu.

Na tuanze na yaliyo hakika. Ndani ya ngozi ya kila mwanadamu mna chembe ndogo mno zenye kazi ya kutengeneza rangi iitwayo melanini, nayo huikinga ngozi na ukali wa jua. Hesabu ya chembe hizo yakaribia kuwa sawa kwa Mzungu na kwa Mwafrika. Kinachotofautiana ni wingi na namna ya rangi yenyewe. Mwenye ualbino anazo pia, ila hazitoi rangi ya kutosha, kwa sababu amerithi hitilafu kwa baba na kwa mama, wote wawili, ambao huweza kuwa weusi kabisa wasijue kwamba wanayo. Basi mume amwachaye mkewe kwa ajili ya mtoto huyo amemshitaki kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake mwenyewe.

Kumbe kilichopungua ni kivuli, wala si utu. Lakini katika miaka iliyofuata 2006, hasa katika mikoa ya Ziwa Victoria, watu wenye ualbino waliuawa ili viungo vyao viuzwe kwa watafutao utajiri. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, awe mbunge wao. Ngozi ilikuwa ya namna moja. Mioyo ya watazamaji ndiyo iliyotofautiana.

Twaweza kusema, "Sisi hatukuua." Vema. Lakini yule mtoto tumtumaye adhuhuri kuanika dagaa mchangani, au kulima ngolo bila kofia, jua humchoma siku kwa siku hata saratani ya ngozi imshike. Kutojali si sawa na kuua. Hata hivyo mwisho wake waweza kuwa kaburi lile lile.

Sisi tulipewa kivuli hiki bure, hatukukitolea jasho. Asiyepewa, yatupasa tumpe kwa nje: kofia pana, nguo ya mikono mirefu, kazi ya chini ya mwembe, na darasani kiti cha mbele, maana macho yake ni dhaifu. Hiyo si sadaka, ni deni.