Mama Hakupewa Maiki

Januari 2018, Oprah Winfrey alipanda jukwaani kwenye Golden Globes kupokea tuzo ya Cecil B. DeMille. Ile hotuba ilifika hadi kwa simu za watu wasiojua Golden Globes ni kitu gani. Alianza na kumbukumbu ya mwaka 1964: yeye mtoto wa miaka 10, ameketi sakafuni nyumbani kwa mamake mjini Milwaukee, anamtazama Sidney Poitier akishinda Oscar kwenye TV. Halafu mlango unafunguka. Mama anaingia, amechoka hoi, katoka kusafisha nyumba za watu.

Nimeirudia hiyo video mara nyingi, na kila mara mawazo yangu hubaki pale mlangoni. Huyo mama, Vernita Lee, mwaka mmoja kabla alikuwa amezaa mtoto wa kike na kumtoa alelewe na familia nyingine. Oprah wakati huo alikuwa kwa babake Nashville, kwa hivyo hakuona kitu. Alikuja kujua ana dada akiwa na miaka 56. Sasa rudi kwenye ile picha. Mtoto ameona uchovu, na uchovu ulikuwepo kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine kimeingia na huyo mwanamke, na kimekaa naye mezani, na hakuna aliyemuuliza.

Swali langu ni hili: mtoto akipata maiki, ana ruhusa ya kusema nini kuhusu mzazi ambaye hakupewa yake?

Vernita alizaliwa Mississippi mwaka 1935. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria yake ya hifadhi ya jamii, na ikawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani na wa mashambani, yaani kazi zile zile walizofanya wanawake wengi Weusi wa kusini. Alipomzaa Oprah, Januari 1954, hakuwa ametimiza miaka 19, na hakuwa na mume. Akamwacha mtoto kwa nyanyake, Hattie Mae, kwenye shamba lao Kosciusko, akaenda kaskazini kutafuta kazi. Watu Weusi kama milioni sita walihama kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Vitabu vya historia vinaliita jambo kubwa, na lilikuwa kubwa. Ila wachache husema kwamba ndani ya hiyo idadi kuna watoto walioachiwa shosho na kuambiwa mama atarudi.

Hapo sihitaji kitabu. Mimi niliachiwa shosho nikiwa na miaka miwili. Mathe alikuja Nairobi kufua nguo za watu, baadaye akapata kazi ya kulala kwa tajiri, na kazi kama hiyo huwezi kwenda na mtoto mgongoni. Nilimfuata nikiwa na miaka tisa na nikamwamkia kama mgeni.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili na kodi imenishika koo, niliandika makala kuhusu hayo. Nilisema aliniacha kama mzigo uliosahaulika kwa stage. Nililipwa 4,000. Wasomaji walilia, wengine wakaniandikia kwamba nimesema ya mioyo yao. Binamu yangu, bila kuniuliza, akamsomea mathe yote wakati wa chakula cha jioni. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Na zile sweta je?"

Kila muhula wa pili, baridi ikianza, alikuwa anatuma sweta na basi la usiku. Nilizivaa zote. Sikuandika hata moja.

Najua jibu la haraka: yaliyokupata ni yako, simulia. Na kwa Oprah jibu hilo lina uzito. Alipohamia Milwaukee, mama akiwa kazini kutwa, alibakwa akiwa na miaka tisa, na wa kwanza alikuwa mtu wa ukoo. Angenyamaza kulinda heshima ya familia, nani angefaidika? Alisema hadharani, mwaka 1991 akaenda kutoa ushahidi mbele ya Seneti, na mwaka 1993 Rais Clinton akatia sahihi sheria ya kulinda watoto ambayo watu waliipa jina lake. Sisi tuliolelewa na ile "mambo ya nyumbani hayatoki nje" tunajua hiyo sentensi imeficha akina nani. Kwa hivyo siwezi kusema mtoto anyamaze.

Lakini "niliachwa" na "hakunitaka" ni vitu viwili. La kwanza lilinipata mimi, nina haki nalo. La pili lilikuwa ndani ya kifua cha mtu mwingine. Mimi kwenye makala yangu nilichanganya, na nitasema ukweli, nilichanganya kwa sababu la pili linauza. Mama aliyetuma sweta anaharibu stori.

Na ubaya ni kwamba asiye na maiki hata akiongea kidogo, mambo humgeukia. Vernita alihojiwa na kituo cha televisheni cha Milwaukee, akawataja watoto wake wawili waliofariki. Mwanamke mmoja mji huo huo, Patricia, alikuwa anatazama, na yaliyosemwa yakafanana na makaratasi yake ya kulelewa. Ndivyo yule mtoto wa 1963 alivyomjua mamake. Vernita hakutaka kukutana naye mwanzoni. Alimtoa kwa sababu, akiwa na mtoto mwingine, asingeweza kutoka kwenye msaada wa serikali, na aibu hiyo aliibeba karibu miaka 50. Januari 2011 ikatangazwa kwenye kipindi cha bintiye.

Nani alikosea? Mimi nashindwa kumlaumu Patricia. Ile siri ilikuwa yake pia. Huwezi kumwambia mtu asitafute alikotoka ili wewe ulale vizuri. Tena alikaa na habari hiyo miaka bila kuiuzia gazeti, jambo ambalo, kwa 4,000 zangu, sina haki ya kulipita haraka. Lakini kukutana ni kitu kimoja, na kukutana dunia nzima ikitazama ni kingine. Mama wa miaka 75, aliyezoea kuingia kwa nyumba za watu kwa mlango wa nyuma, aibu yake kubwa ilipitia mlango wa mbele.

Vernita alifariki Novemba 2018 akiwa na miaka 83, miezi kumi baada ya ile hotuba. Oprah amesimulia jinsi alivyoaga. Aliondoka, akahisi hajasema alichotaka kusema, akarudi. Akamshukuru mamake kwa kumzaa, akamwambia lazima ilikuwa ngumu, msichana mdogo, mja mzito, mwenye hofu. Hapo kwenye "lazima ilikuwa" mimi husimama. Ni mtoto akikiri kwamba hakuwepo ndani ya ule mwili, kwa hivyo anakisia, na safari hii anakisia kwa upande wa mama. Alikuwa na miaka 64. Ilimchukua muda, na yeye ndiye mtu aliyelipwa kuuliza maswali.

Kabla ya kuandika haya, nilimpigia mathe. Nikamwambia nataka kumtaja tena, lakini kidogo. Akauliza wananilipa ngapi. Nikamwambia. Akacheka, akasema hata kufua mapazia kunalipa vizuri kuliko hiyo.

Halafu akasema sawa, niandike, hata ya stage nirudie nikitaka. Ila kuna kitu kimoja cha mwaka ule alionichukua kwa shosho, akaniambia kile na uniulize kwanza ukiwa umekuja nyumbani, usikiweke huko.

Nitaenda Jumapili.